Nyuma ya kigae: kisa cha mtafiti wa azulejo aliyefuta hoja yake mwenyewe

Kisa hiki kinamhusu mwanahistoria wa sanaa nchini Ureno aliyebobea katika azulejo, yaani vigae vya kauri vyenye picha vinavyofunika kuta za makanisa, majumba na hata vituo vya treni vya nchi hiyo. Jina lake, mji, jengo na miaka vimeondolewa. Yeye ataitwa Bi. T., na mchoraji aliyekuwa kiini cha utafiti wake ataitwa Mchoraji A.

Kazi yenyewe

Neno azulejo limetoka kwenye Kiarabu, *az-zulayj*, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa jiwe dogo lililong'arishwa. Wareno walituachia meza na leso pwani, lakini neno hili hawakutuachia. Tunabaki na "kigae", ambalo pia ni kipande cha chungu kilichovunjika, na katika kisa hiki maana zote mbili zina kazi.

Kigae cha kawaida cha karne ya 18 kina ubavu wa takriban sentimita 14, hivyo mita moja ya mraba ya ukuta hula vigae 51 hivi. Udongo huchomwa mara ya kwanza, hupakwa uji mweupe wenye oksidi za bati na risasi, na ukikauka huwa unga mkavu juu ya kigae. Mchoraji hupaka rangi juu ya unga huo, kisha kigae hurudi tanuruni na unga unageuka tabaka gumu la kioo. Unga mkavu hunyonya brashi papo hapo, kwa hiyo hakuna kufuta. Kila mchoko wa mkono, kila haraka, hubaki humo milele.

Sifa hiyo ndiyo iliyowafanya wanahistoria wa karne ya 20 wauamini sana "mkono", yaani namna ya pekee ya kila mchoraji. João Miguel dos Santos Simões (1907–1972) alizunguka nchi nzima akiorodhesha vigae, na walioendeleza kazi hiyo waligawa kuta kwa majina ya wachoraji: Gabriel del Barco, António de Oliveira Bernardes na mwanawe Policarpo, na bwana mmoja ajulikanaye kwa herufi PMP tu. Hadi hapo mambo huenda. Shida huanza katika robo ya pili ya karne ya 18, kipindi ambacho Wareno hukiita Grande Produção, Uzalishaji Mkubwa. Oda zilikuwa nyingi, Brazili ikiwa mteja mkubwa, na karakana ziligawana kazi: mmoja anachora sura, mwingine miti, mwingine fremu. Jina linaloonekana kwenye mkataba au hata ukutani linaweza kuwa la mkandarasi. Bartolomeu Antunes, kwa mfano, alikuwa bwana wa kubandika vigae, *mestre ladrilhador*, na brashi ilikuwa mikononi mwa wengine.

Usuli wa Bi. T.

Njia yake ilikuwa ya kawaida kwa kizazi chake: miaka 3 ya shahada ya kwanza, 2 ya uzamili, kisha 4 ya uzamivu kwa ufadhili wa FCT, mfuko wa taifa wa sayansi. Tasnifu yake ilihusu karakana ya Mchoraji A. Baada ya hapo alikaa miezi 14 bila mkataba, akiishi kwa kuongoza watalii na kutafsiri katalogi za maonyesho.

Nafasi za kudumu katika fani hii zinahesabika. Kuna Museu Nacional do Azulejo mjini Lisbon, ndani ya iliyokuwa nyumba ya watawa ya Madre de Deus iliyoanzishwa mwaka 1509. Kuna vyuo vikuu vichache na idara za urithi za manispaa. Zaidi ya hapo ni ushauri wa kujitegemea kwa wamiliki wa nyumba, wahifadhi na wauzaji wa vitu vya kale. Anayeomba mkataba wa utafiti hupimwa kwa makala alizochapisha, na makala inayotaja jina kubwa la mchoraji hupata msomaji upesi kuliko orodha ya vigae 4,000 isiyo na jina hata moja. Shinikizo hilo lisisahauliwe msomaji anapofika kwenye kosa.

Mambo yalivyokwenda

Mwaka wa pili baada ya uzamivu, Bi. T. alichapisha makala akinasibisha paneli 6 za buluu na nyeupe kwa Mchoraji A. Paneli hizo zilikuwa katika ukumbi wa chakula wa nyumba ya watawa iliyofungwa zamani, sasa mali ya manispaa. Hoja yake ilisimama juu ya kope zilizochorwa kwa mistari miwili, mawingu yaliyopakwa kwa mipigo mifupi ya mlalo na namna majani yanavyofungana. Alitumia picha alizopiga kwa siku moja na nyingine za kumbukumbu za zamani. Wahakiki wawili waliipitisha bila swali kuhusu hali ya vigae vyenyewe. Baadaye katalogi ya mnada iliitaja makala hiyo ili kuipandishia bei paneli ndogo iliyofanana na zile 6.

Miaka mitatu ikapita. Ukuta wa kusini wa ukumbi ulikuwa umepigwa plasta ya saruji kwa nje katika karne ya 20. Saruji ilifungia unyevu ndani, unyevu ukapanda ukutani ukibeba chumvi, na chumvi ikatafuta pa kutokea. Ilitokea nyuma ya tabaka la kioo. Chumvi inapokauka hugeuka fuwele, fuwele hupanuka, na kioo hubanduka kama magamba ya samaki huku udongo ukibaki uchi. Manispaa iliamua kubandua paneli 3 za ukuta huo. Iliajiri kampuni ya wahifadhi, na Bi. T. akapewa mkataba wa miezi 9 kama mwanahistoria wa mradi.

Ubanduaji ulifuata utaratibu unaojulikana. Kwanza ramani: kila kigae kinapewa safu, mstari na picha yake. Vigae vinavyobanduka kioo hufunikwa karatasi laini ya Kijapani iliyogandishwa kwa Paraloid B-72 iliyoyeyushwa katika asetoni, gundi inayoweza kuondolewa baadaye. Kazi huanzia palipo na pengo au pembeni, patasi nyembamba ikipita nyuma ya kigae ndani ya chokaa ya zamani. Chokaa huiachia patasi. Saruji haiachi, na pale palipowahi kuzibwa kwa saruji vigae 9 vilivunjika. Kila kimoja kikashushwa, kikapewa lebo na kusimamishwa kwa ubavu ndani ya kreti, sifongo katikati. Baada ya kukwanguliwa chokaa vilitiwa ndani ya maji yaliyokenekwa. Maji hubadilishwa na uwezo wake wa kupitisha umeme hupimwa, mpaka kipimo kisipande tena, ishara kwamba chumvi imekwisha kutoka.

Siku ya nne fundi mmoja alimletea Bi. T. kigae mkononi. Mbele yake palikuwa na goti la malaika mtoto na kipande cha utepe. Alikigeuza juu ya meza. Chini ya vumbi la chokaa, kwa brashi nene ya buluu, paliandikwa herufi *g* na namba 25.

"*Doutora* (daktari)," fundi akasema, "hiki tumekitoa safu ya 22."

Kilichokuwa nyuma

Karakana za karne ya 18 ziliandika anwani nyuma ya kila kigae cha picha, maana paneli ilichorwa Lisbon na kubandikwa mbali, pengine ng'ambo ya bahari, na mbandikaji ambaye hakuwahi kuuona mchoro. Herufi ni mstari wa mlalo, namba ni safu ya wima. Alfabeti ya wakati huo haikutenganisha *i* na *j*, na *k* haikuwa na kazi. Mwanafunzi mmoja wa mradi alipoteza nusu siku akitafuta mistari miwili ambayo haikuwahi kuwepo.

Paneli ya 3 ilikuwa na mistari 12 na safu 26, jumla vigae 312. Baada ya wiki tatu hesabu ilikuwa hivi: vigae 241 vilikuwa na anwani za mwandiko mmoja. Vigae 38 vilikuwa na namba peke yake bila herufi, kwa mwandiko mwingine. Hivyo vilitoka kwenye paneli tofauti ambayo haipo tena. Vigae 33 havikuwa na anwani yoyote, na mgongo wao ulikuwa na alama za gridi ya mashine. Vilikuwa vya kiwandani, vya ukarabati wa karne ya 20, vimechorwa kwa ustadi mkubwa kuiga vya zamani.

Kisha safu. Namba zilikwenda 1 hadi 21, zikaruka hadi 25, zikaishia 29. Safu tatu zilikuwa zimetolewa, kwa dalili zote mlango wa pembeni ulipopanuliwa, na sehemu ya kulia ikasogezwa ili fremu ifunge.

Bi. T. alichukua makala yake na kuiweka juu ya ramani. Hoja ya kope ilitegemea nyuso 5 za paneli hiyo. Nyuso 2 zilikuwa kwenye vigae vya kiwandani. Moja ilikuwa kwenye kigae cha paneli ngeni. Zilibaki 2. Mkono alioueleza kwa kurasa sita ulikuwa, kwa sehemu isiyo ndogo, mkono wa mkarabati wa karne ya 20 aliyekuwa hodari wa kuiga.

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza lilikuwa la dakika hiyohiyo: kusimamisha ukwanguaji. Wahifadhi walikuwa wanasafisha migongo kwa brashi ya waya kabla ya kuiloweka, na vigae 60 vya paneli ya 1 vilikuwa vimekwisha kusuguliwa vikabaki bila anwani. Hawakuwa na kosa la uzembe. Mkataba wao ulisema "kuondoa mabaki ya chokaa" na haukutaja maandishi. Tangu hapo kila mgongo ulipigwa picha mara mbili, ukiwa mkavu na ukiwa na unyevu kidogo, kwa sababu buluu iliyofifia hujitokeza udongo ukilowa. Chokaa iliondolewa kwa kisu cha mbao pembeni kwanza, katikati mwisho.

La pili lilimgharimu wiki 5 kati ya miezi yake 9. Aliacha kuandika ripoti akaenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya wilaya kupekua daftari za waandishi wa mikataba. Hakuwa amezipekua wakati wa tasnifu, kwa sababu mwandiko wa karne ya 18 hausomeki upesi na ufadhili una tarehe ya mwisho. Alipata mkataba wa nyumba ya watawa na bwana mbandikaji. Bei ilihesabiwa kwa kila elfu ya vigae, kama ilivyokuwa desturi. Chokaa, mchanga na usafiri vilikuwa juu ya watawa. Mchoraji hakutajwa kabisa. Tarehe ilikuwa miaka 15 baada ya kifo cha Mchoraji A.

La tatu ndilo lililomnyima usingizi. Msimamizi wake wa zamani alimshauri asahihishe polepole katika makala ijayo, kwa tanbihi. Ushauri huo ulikuwa na mantiki yake, kwa kuwa mwezi uliofuata angeomba mkataba wa utafiti wa hadi miaka 6. Bi. T. aliona tanbihi isingefika ilikofika makala. Hoja yake ilikuwa imeingia kwenye hifadhidata na kwenye mnada, na mnunuzi hasomi tanbihi za jarida jingine. Aliandika barua kwa mhariri akiomba kuchapishwa kwa ufutaji wa unasibisho, pamoja na jedwali la vigae vyote 312.

Katikati ya hayo muuzaji wa vitu vya kale alimpigia simu akitaka barua ya kuthibitisha paneli nyingine kuwa ya Mchoraji A, kwa malipo mazuri. Aliomba picha za migongo. Muuzaji alisema vigae vimekwisha gandishwa kwenye ubao. Bi. T. hakuandika barua. Alipitia picha za vigae vilivyoibwa zinazotangazwa na SOS Azulejo, mradi ulioanzishwa mwaka 2007 na makumbusho ya polisi wa upelelezi wa Ureno. Hakukuta kinachofanana, akaishia hapo.

La mwisho lilihusu vigae 38 vigeni. Wahifadhi walitaka viondolewe na mapengo yajazwe vigae vya rangi moja isiyovuta jicho. Bi. T. alitaka vibaki, kwa kuwa paneli vilikotoka haipo tena na kuviondoa kungevirudisha kwenye kreti bila mwenyewe. Waliafikiana baada ya kupekua kreti 11 za vigae vya ovyo ghalani. Humo walikuta 6 vyenye anwani sahihi za paneli ya 3. Hivyo 6 vilirudi mahali pake, vigeni 6 vikatoka, 32 vikabaki na kuandikwa wazi katika jalada.

Matokeo

Plasta ya saruji ilibanduliwa, ukuta ukaachwa ukauke, na paneli zikarudishwa kwa chokaa na mchanga. Ufutaji ulichapishwa miezi 8 baada ya barua. Ombi la mkataba wa utafiti lilikataliwa mwaka huo. Maoni ya tathmini hayakutaja ufutaji, yalitaja idadi ya machapisho. Manispaa ilimwongezea kazi ya kuorodhesha majengo mengine manne, na baada ya miaka miwili ikafungua nafasi ya kudumu katika idara ya urithi. Aliipata kupitia usaili wa wazi. Jedwali la vigae 312 ndilo alilowasilisha kama sampuli ya kazi. Katalogi ya mnada, ikiwa imekwisha chapwa na paneli imekwisha uzwa, haikubadilika.

Uchambuzi

Kosa la Bi. T. halikuwa la jicho. Kope za mistari miwili zilikuwepo kweli. Alikosea mpangilio wa kazi: alisoma mtindo kabla ya kujua ni vigae vipi ni vya ukuta huo. Na dalili zilikuwepo hata bila kubandua chochote.

Iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa picha ya chapa. Wachoraji wa azulejo walinakili michoro iliyochapwa Antwerp, Paris au Augsburg: mchoro uliochorwa upya kwa ukubwa wa ukuta ulitobolewa kwa sindano juu ya karatasi, kisha ukapigwapigwa kwa kifuko cha unga wa makaa ili nukta zishuke juu ya kigae. Bi. T. alikuwa ameipata chapa ya paneli ya 3 na kuichapisha kando yake. Katika chapa, mchungaji ananyoosha mkono kumpa mtoto mkate. Ukutani mkono unakatika kwenye kiwiko na mtoto hayupo. Makala ilieleza hilo kuwa "uhuru wa mchoraji". Kilichokosekana kilikuwa safu 22, 23 na 24. Chapa na paneli zisipolingana, kinachopaswa kuulizwa kwanza ni kama ukuta umekatwa. Tabia ya mchoraji ni swali la baadaye, na mara nyingi halifikiwi.

Dalili nyingine zingemchukua siku mbili na taa. Taa ikiwekwa pembeni kabisa ya ukuta, sambamba nao, huonyesha vigae vilivyokaa juu au chini ya vingine na viungo vilivyo vipana kupita kawaida. Vigae vya mkono vilichongwa mshazari kwenye kingo ili vibanane usoni. Vya kiwandani vina kingo zilizonyooka na huacha mstari wa kiungo ulio sawa mno. Weupe wa zamani una vishimo vidogo kama vya sindano, na rangi yake haifanani kigae kwa kigae. Taa ya urujuanimno huonyesha marekebisho yaliyopakwa baridi, bila kuchomwa, kwa sababu rangi hizo hung'aa tofauti na kioo. Haisaidii kitu, hata hivyo, kwa kigae cha kuiga kilichochomwa vizuri, na vile 33 vilikuwa vya aina hiyo. Hapo kingo na viungo ndivyo vingesema.

Wahakiki nao wana sehemu yao. Makala ya unasibisho isiyo na ramani ya ukarabati haifai kupita, sawa na ripoti ya daktari isiyosema mgonjwa alipimwa lini.

Kilichofaulu zaidi ni kukaa kwa mwanahistoria mezani na mafundi wakati wa kubandua. Mikataba mingi humwita mwishoni, aandike ukurasa wa historia kwa ajili ya kibao cha maelezo. Huyu alikuwepo siku ya nne kwa bahati ya ratiba tu. Angefika wiki ya pili angekuta migongo yote myeupe. Manispaa hiyo sasa huweka kifungu katika kila zabuni: mgongo wa kila kigae upigwe picha kabla ya kuguswa kwa brashi, chuma kisitumike juu ya maandishi, na malipo ya awamu ya pili yasitoke mpaka picha ziwasilishwe. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye meno.

Kuhusu ajira, si sahihi kusema uaminifu ulimlipa. Mwaka ule ulimnyima mkataba, na mtafiti mwenye watoto au mkopo wa nyumba huenda asingeweza kuusubiri mwaka wa pili. Alichokuwa nacho ni mkataba wa manispaa uliokuwa bado na miezi mitatu, na mwenza mwenye mshahara. Msimamizi aliyemshauri tanbihi alikuwa anaijua hali hiyo kuliko wanaomlaumu.

Vigae 60 vilivyosuguliwa vilishughulikiwa mwishoni. Kwa kufuata mistari ya mchoro, unene na madoa ya chumvi yaliyoendelea kutoka kigae hadi kigae, 44 vilipata mahali pake. Vilivyobaki 16 vyote ni vya mbingu, buluu nyepesi juu ya nyeupe, na chochote kati yao kingeweza kukaa popote. Viko ghalani katika kreti ya 12, kila kimoja na lebo inayosema paneli ya 1, anwani imefutika, tarehe ya kufutika.